Mikandaa ya Makaburini

Kijijini kwetu walinipachika jina la Bibi Miti, na sikulipenda, ingawa nilijua kwa nini. Nilikuwa katibu wa kamati ya mazingira, mwanamke niliyezaliwa Makorora, mtaa wa mjini, katikati ya nyumba zilizobanana hata mti wa kivuli hauna pa kuota, nikaja kuolewa pwani huku kusini ya mji na kuanza kuwafundisha wenyeji namna ya kuitunza mikoko yao. Watu walicheka, na mimi katika ukali wangu nilidhani wanacheka kwa sababu hawajaelewa.

Mwenyewe nilielewa siku tulipowahamisha wafu. Makaburi ya kijiji yako juu ya ufuo, na mbele yake palikuwa na msitu mnene wa mikoko, hasa mikandaa, ile myembamba iliyonyooka ambayo kila fundi huitamani kwa fito. Watu waliikata miaka na miaka, kidogo kidogo, kila mmoja kwa haja yake. Mwaka mmoja maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku zote, yakapanda yakala ukingo, na asubuhi wanaume wakakuta kaburi la babu yake mume wangu liko wazi upande mmoja. Waliokota kilichokuwepo, wakakitia kwenye sanda mpya, wakakizika juu zaidi. Baada ya hapo wakahamishwa wengine watatu. Mume wangu alirudi nyumbani akanawa mikono mara nyingi, wala hakula siku ile. Ndipo nilipojiunga na kamati, na sikujiunga kwa mzaha.

Tuliweka sheria ndogo, mkutano wa kijiji ukazipitisha. Mkoko haukatwi bila kibali, na kibali kinaandikwa kwenye kitabu. Lakini jambo moja hatukuligusa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu. Kwetu, maiti akishalazwa kwenye mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi, hufunikwa kwa kiunza, vile vipande vya miti vinavyopangwa juu yake ili udongo usimwangukie. Na kiunza cha kwetu ni mikandaa, kwa sababu haiozi upesi kwenye ardhi ya chumvi. Mwenye msiba alikuwa anaingia msituni na panga lake, anakata inayomtosha, hamwombi mtu. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mababu, na kamati iliacha hivyo hivyo.

Basi watu wakaanza kufiwa. Nasema hivi kwa uchungu, lakini wakati ule nilikuwa nikisema kwa kejeli. Kila nikimkuta mtu na mzigo wa mikandaa begani, ni kiunza. Kiunza cha shangazi, kiunza cha mjomba wa mke, jamaa ambao hatukuwahi kuwasikia walipokuwa hai. Aliyenikasirisha kuliko wote alikuwa jirani yangu, fundi wa kuezeka makuti, Mpemba aliyehamia kwetu na mke wake na mtoto mmoja wa kike. Nilimkuta anatoka msituni na fito za kutosha kujengea jiko zima. Nikamuuliza za nini. Akasema mama mkwe wake amefariki.

"Wapi?" nikamuuliza.

"Pemba," akasema.

"Na atazikwa wapi?"

Mama mkwe alikuwa amekufa kweli, Mwenyezi Mungu amrehemu, lakini alikuwa amezikwa Pemba wiki nzima iliyopita. Nilimfikisha mbele ya kamati, akatozwa faini, na jiko lake likabaki bila ukuta. Watu waliitania habari ile mwezi mzima, na mimi nilikuwa wa kwanza kuisimulia, naigiza na sauti yake ya Kipemba.

Kilichonitia aibu kidogo ni kwamba mke wake alikuwa shoga yangu. Tulichota maji pamoja, tulisukana nywele, na binti yao, wa miaka tisa hivi, alikuwa akishinda kwangu akinisaidia kuchambua mchele. Shoga yangu hakunilaumu kwa habari ya fito. Alisema tu kwamba mume wake ana haraka ya mambo. Bado tukapelekeana mabakuli ya futari Ramadhani ile.

Baada ya kisa hicho nikaandika sheria nyingine kwa mkono wangu mwenyewe. Kwamba hata mikandaa ya kiunza haikatwi mpaka awepo katibu au mwenyekiti, aone msiba, ahesabu miti, aandike. Wazee wengine walinung'unika. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, maiti hangoji." Nikamjibu kwamba mimi niko nyumbani siku zote, sina safari, atangoja nini. Mkutano ukapitisha.

Siku moja mwenyekiti na mimi tulikuwa tumeitwa semina mjini, kwenye nyumba moja ya zamani kule Raskazone iliyogeuzwa ofisi. Mada yenyewe ilikuwa misitu na jamii. Kwenye saa nne asubuhi simu yangu ikatikisika. Nikaona ni fundi wa makuti, nikatoka kibarazani.

"Asalaam aleikum, shemeji," akasema.

"Waaleikum salaam."

"Shemeji, shoga yako kaniambia nikupigie. Hapa tuna msiba."

Nikacheka puani. Sitaki kujisitiri katika hili, nilicheka. Nikamwambia, "Msiba tena? Nisikilize vizuri. Mtu asiguse mkandaa hata mmoja mpaka nije mwenyewe na kitabu. Umenielewa?"

Nilisikia watu nyuma yake, nikadhani yuko barazani na wenzake.

"Nimekuelewa, Bi Katibu," akasema, na simu ikakatika.

Nikarudi kuketi. Nikamnong'oneza mwenyekiti kwamba Mpemba wetu kaanza tena, naye akafunika mdomo asicheke mbele ya mtoa mada. Sikumuuliza yule bwana amefiwa na nani. Mtu yeyote aliyezaliwa pwani, akiambiwa pana msiba, neno la kwanza kinywani mwake ni innalillahi, na la pili ni nani. Mimi yote mawili sikuyasema.

Semina ikaisha mchana, tukala. Sikuharakisha. Mwenyekiti alibaki mjini na shughuli zake, mimi nikapita Mabawa kwa dada yangu kuchukua gauni langu lililokuwa kwa mshonaji jirani yake. Nikalijaribu, nikakuta limebana kwapani, nikangoja lifumuliwe na kushonwa upya. Tukanywa chai. Simu yangu ilikuwa imezimika chaji, nikaichomeka kwa dada bila hata kuiwasha. Ilikuwa karibu na alasiri nilipopanda bodaboda kurudi.

Nilipoingia kijijini niliona wanaume wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba ya fundi, na majembe yameegemezwa ukutani. Nikashuka, gauni mkononi kwenye mfuko. Mzee mmoja alikuwa pale karibu, nikamwamkia, "Shikamoo." Hakuitika marahaba. Alinitazama, akasema, "Mtoto yule. Alfajiri. Homa ya siku mbili tu."

Homa nilikuwa na habari nayo. Juzi yake nilimwona amelala ukumbini na kitambaa cha maji kipajini, nikamwambia mama yake wampeleke zahanati, nikaenda zangu kujiandaa na semina.

Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa tangu kabla ya adhuhuri. Mtoto ameoshwa, amekafiniwa, wamekaa. Vijana walitaka kwenda kukata, baba akawakatalia. Aliwaambia Bi Katibu amesema wangoje. Walinipigia tena na tena, sikupatikana. Wengine wakashauri wakate mti wowote, hata mwarobaini, naye akasema ataambiwa tena kuwa mwizi siku ya maziko ya mwanawe. Alikuwa ameniogopa mimi, ndilo lililokuwa. Mtu mzima, fundi, mbele ya maiti ya mtoto wake, ananiogopa mimi na kitabu changu.

Nikamwuliza mzee fundi yuko wapi. Akanionyesha ufukweni.

Nilimkuta amesimama na panga ambalo halijakata kitu. Ilikuwa bamvua. Asubuhi alipopiga simu msitu mzima ulikuwa mkavu, unaingia na viatu. Sasa maji yalikuwa yamejaa, mikandaa imebaki vilele, na mkondo unapita kwa nguvu katikati yake. Nikaanza kusema. Nikamwambia kata, kata popote, kata unayotaka, kitabu hakina haja. Akayaangalia maji, akaniangalia na mimi. Akanipita akarudi nyumbani.

Alipofika aliomba msumeno na bisibisi. Akaung'oa mlango wa mbele wa nyumba yake, ule wa mbao alioutengeneza mwenyewe alipohamia. Akaulaza uani, akatoa bawaba na kitasa, akaanza kuukata vipande kwa kipimo cha mwanawe. Watu walitaka kumpokea msumeno, akakataa. Kila ubao ulipokatika aliupapasa kwa kiganja kuhakikisha hakuna msumari. Kipande kimoja kilikuwa na rangi ya kijani, kingine kina namba ya nyumba iliyoandikwa kwa chaki, akaifuta kwa mkono wa kanzu.

Walimbeba mtoto jua limeinama kabisa. Wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo nilibaki uani. Shoga yangu alikuwa ndani, namsikia. Hatua kumi tu na mlango wenyewe haupo, lakini sikuingia. Nikachukua ufagio nikaanza kufagia unga wa mbao. Nilifagia uwanja ule mpaka udongo wake mwekundu ukajitokeza, kisha nikaenda kwangu. Watu watanisema kwamba nilikosa utu, na wako sawa, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa uso wake.

Baada ya arobaini kukaitishwa mkutano wa kijiji. Ajenda ilikuwa moja, kuifuta sheria yangu. Walisema mengi. Aliyeniita Bibi Miti kwa utani sasa aliniita kwa jina langu kamili, na hilo liliniuma zaidi. Mmoja alisema msitu wote urudishwe kwa watu, kila mtu akate atakavyo, kwani mikoko ndiyo iliyotufikisha hapa. Wengi wakapiga makofi. Sikujitetea. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba makosa yangu yataiua mikandaa ile na bahari itarudi juu, safari hii kwa yule mtoto.

Fundi akasimama. Alikuwa hajawahi kuzungumza mkutanoni, labda kwa kuwa alijiona mgeni. Akasema, "Miti iacheni. Mwanangu kalala pale, kaburi lake ndilo la mbele kabisa. Mkiikata, maji yatamfikia yeye kabla ya jamaa zenu." Akamgeukia mwenyekiti. "Kiunza kiruhusiwe bila kungoja mtu. Mengine yabaki. Ila katibu awe mtu mwingine."

Hakunitazama alipolisema. Nikanyanyuka, nikaenda kukiweka kitabu mezani mbele ya mwenyekiti, ambaye naye alikuwa anaangalia chini. Mtu akamtaja fundi mwenyewe, na kabla jua halijazama yeye ndiye akawa katibu. Amekuwa katibu mzuri kuliko mimi. Hapigi kelele. Akimkuta mtu na mzigo anamuuliza kwanza amefiwa na nani, anampa pole, halafu ndipo anatazama miti. Wezi wamepungua, wanaona haya kumdanganya mtu wa namna ile. Msitu umeziba mapengo yake.

Mimi na shoga yangu tulikaa mwaka na zaidi tukisalimiana tu. Nilikuwa nimempelekea pole, nimempelekea chakula, na kila nilipofungua kinywa kuomba radhi aliniambia yameshapita, kwa sauti ambayo huwezi kuendelea nayo. Hadi siku moja ya kupanda miche, wanawake tuko kwenye matope mbele ya makaburi, tukajikuta tuko wawili kwenye mstari mmoja. Nikasema yote. Nikasema sheria ile niliiandika mimi, kwa hasira za fito za jiko, na kama si mimi mwanao angefunikwa kwa mikandaa kama watu wote, baba yake asingekata mlango. Nikasema sitaisamehe nafsi yangu kwa ajili ya miti ile.

Aliisindilia miche miwili kabla hajanijibu.

"Miti gani?" akasema. "Mie ndiye niliyemwambia akupigie. Saa nne miti alikuwa hajaifikiria mtu, hata kaburi lilikuwa halijaanzwa. Nilitaka uje tumwoshe. Alikuwa anakupenda wewe, sikutaka aoshwe na watu wasiomjua. Nikawaambia wanawake wangoje, shoga yangu yuko njiani. Wakangoja mpaka maji ya moto yakapoa, wakayachemsha tena. Habari ya miti uliileta wewe."

Akachukua ndoo yake ya miche, akasogea mbele, akaendelea kupanda. Nami nikapanda yangu, kwa sababu maji yalikuwa yanaanza kuja na miche isingengoja.