Mzabibu wa Warumi Dirishani Kwetu

Nichekeni tu, nastahili. Madam wa historia alihifadhi darasani, ndani ya chupa ya maji, mbegu tatu za zabibu zilizofukuliwa Italia, ushahidi kwamba Warumi wa kale walitengeneza mvinyo. Siku ya zamu yangu ya usafi nikadhani ni maji machafu, nikamwaga yote chooni. Kwa kuogopa kufukuzwa shule, nikajaza maji mapya chupani na kutumbukiza mbegu tatu za tikiti nililomwibia mama.

Wiki iliyofuata moja ikachipua. Madam akaruka: "Mzabibu wa Warumi umefufuka!" Akaupanda dirishani, ukatambaa vizuri, nami nikajiteua mlinzi wake.

Siku ya wazazi, mama, muuza matikiti wa soko la Nakivubo, akafunua jani na kukuta tunda changa.

"Madam, mbona zabibu yenu ina mistari?"

Kisha akanigeukia polepole.

"Kumbe tikiti langu lilikuja shule!"