Maji ya Batri Kule Ntoto

Masomo ya primeri sikumaliza, lakini miaka ile ya mwanzo wa uhuru, kutoka Kingi mpaka Nyabiondo, kwetu Masisi, ukisikia pikipiki inapanda mulima, ujue ni mimi. Niliinunua kwa jasho la maharagi yangu, ikiwa nzee tayari, kwa muzungu mmoja wa shamba aliyekuwa anafunga mizigo. Nani alinifundisha kuitengeneza? Hakuna. Mikono yangu hii.

Pikipiki ile bila batri haikuwaka. Dinamo inapeleka moto wa umeme kwa batri, batri inapeleka kwa mashine. Na batri inakunywa maji. Mimi niliipa maji ya chemchemi ya Nyabiondo, yale sisi watu wa milima tunajivunia, baridi, unaona muchanga chini. Maji ya mvua tulinawia miguu tu.

Basi siku ya mahari, ndugu zangu walitangulia Ntoto, kwao muchumba wangu, kwa miguu na mbuzi. Mimi nilikuwa nimemuahidi muchumba kwamba atatoka kwao amekaa juu ya pikipiki kama bibi ya administratere, yule mukubwa wa serikali. Pale kijiji kinapoanza, taa nyekundu ya dinamo ikawaka, mashine ikakohoa, kimya. Nikaingia nikisukuma.

Baba yake, muwindaji, alikuwa mlangoni.

“Mukwe, hii njo farasi yako? Mbona wewe njo unaivuta?”

“Papa, imechoka na njia.”

“Ipumzike basi. Kesho asubui ikiwaka, mutoto wangu atapanda. Isipowaka, utarudi na mbuzi zako. Sitoi binti akasukume chuma mpaka Masisi!”

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa meno tu.

Nilifungua dinamo. Kaa lake moja, lile linalopitisha moto ndani, lilikuwa limelika, limebaki kama ukucha. Fundi mwingine angelia. Mimi niliomba mawe ya tochi yaliyokufa, yale baba mukwe anawindia, nikapasua moja, nikatoa kile kijiti cheusi cha katikati, nikakisugua juu ya jiwe mpaka kikaingia sawasawa mahali pa lile kaa. Nani mwingine angewaza hivyo?

Kisha nikafungua batri. Kavu, sahani zake za ndani zimekuwa nyeupe. Nikaenda jikoni kuomba maji ya chemchemi kwa mama ya muchumba.

“Unaipa ya chemchemi?” Akainamisha chungu chake kizee, ndani ukoko mweupe. “Angalia. Maji yanayotoka katika mawe yanaacha hii. Mimi ninakwangua na kijiko. Wewe utaingiza kijiko wapi?”

Pembeni alikuwa na mutungi uliofunikwa na jani: maji ya mvua aliyokinga katikati ya uwanja, yasiguse paa, ya kumuogesha mujukuu, mutoto wa kaka ya muchumba, atakayezaliwa. Njo desturi ya nyumba yao. Akanipimia.

“Mama, na mutoto?”

“Mvua itanyesha tena. Lakini mwanaume yule binti yangu anamupenda, atanyesha wapi?”

Asubui, maji yakiwa tayari ndani ya batri, nilikwangua vichwa vya waya, nikapaka mawese visishike kutu. Nikapiga kiki kwa muguu. Kimya. Nikapiga tena. Baba mukwe akauliza, taratibu kabisa: “Mbuzi ziko wapi?”

Muchumba hakungoja. Akashika nyuma ya pikipiki, akaanza kusukuma.

“Wewe! Nilisema nini?”

“Papa, ulikataza kusukuma mpaka Masisi. Hapa ni uwanjani tu!”

Mwanzo wa muteremko mashine ikashika. Ikanguruma, taa nyekundu ikazimika: dinamo inalisha batri. Baba mukwe alicheka mpaka akakaa chini, na pale chini akatupungia mukono, mwende, mwende.

Binti akapanda.

Leo nina nyumba ya mabati na duka, na vyote nilivipata kwa nguvu zangu, sitaficha. Bibi tu sikumupata peke yangu. Kwa yeye nilisukumwa, na nilipimiwa maji ya mutoto wa wenyewe. Aksanti, Mama.