Dawa ya Chovai Niliyoiita Yangu

Mwanangu, siku niliyotoa ushahidi mahakamani Mombasa naikumbuka mpaka leo, na nikiikumbuka naona haya. Nilikuwa kijana. Shule sikuimaliza, lakini nilishafungua duka la injini za mashua Kismayo kwa jasho langu, na hata leo nahodha gani hanijui?

Kesi ilikuwa ya dawa. Kwetu kisiwani Chovai, kusini ya Kismayo, mtu akichomwa na mwiba wa samaki taa, hupakwa gome la mkoko lililochemshwa kwa mafuta ya simsim. Hupikwa ufuoni mbele za watu, kila nyumba ikileta gome lake. Dada yangu Mwanasha, aliyekimbilia Mombasa wakati wa vita, alilea wanawe kwa kuiuza. Kampuni moja ikapata hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, ikidai imeibuni, ikamtaka dada aache.

Wakili wake alikuwa Amina, binti wa jirani yetu, aliyesomea kwanza elimu ya viumbe, kisha sheria. Gome lile alilijua ndani na nje. Akanieleza kwamba kilichokwisha kujulikana na watu hakipewi hataza. Wazee walioijua walikuwa visiwani, hawana njia ya kufika; shahidi ni mimi.

"Ami, sema ulivyoona ukiwa mdogo," akaniambia. "Usiongeze."

Nikaongeza. Wakili wa kampuni alinisifu kwanza, akasema mtu mwenye akili kama mimi lazima aliwapita wazee. Kifua kikanijaa.

"Wazee walichemsha maji matupu," nikasema. "Mafuta ya simsim ni akili yangu. Nilimpa dada peke yake, hajui mtu mwingine."

Amina akasimama tena, akaniuliza kwa upole nilipokuwa mdogo nani alipika. Hapo ningeweza kurudi. Nikaogopa kuonekana mwongo, nikashikilia yale yale.

Tukashindwa, kwa kuwa kwa maneno yangu dawa haikuwa imejulikana na watu. Nje, Mwanasha hakunilaumu. Alitazama mguu wangu, penye kovu la mwiba wa taa, akasema, "Mama alikupaka mafuta hayo hapo hapo." Akaenda kuondoa chupa zake dukani.

Mwanangu, wanaojua wakikuuliza, sema ulichokiona, nawe usijiweke ndani. Na ukishapotoka, rudi papo hapo, hata watu wakucheke. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na mama yako asikose kutajwa kinywani mwako.