Kenge Mwenye Kopo Kichwani

Andika kama ninavyosema, Zena, wala usipambe. Mimi ni Tabu binti Kondo. Baba yangu alikuwa Kondo Mwinshehe, mkulima wa mihogo na mpunga. Mama yangu alikuwa Chausiku binti Rajabu. Nilizaliwa Pangani, hii ya Kibaha, si ile ya Tanga. Shule sikwenda.

Nilikuwa mtoto mwenye afya. Ugonjwa wangu ulianza na jogoo. Nilikuwa barazani nakula kiporo cha wali, jogoo wa jirani akanirukia usoni akanidonoa chini ya jicho. Jeraha lilipona upesi. Hofu haikupona. Kwanza niliogopa jogoo, kisha kuku wote, kisha paka, mbuzi, hata mjusi wa ukutani. Watu walidhani nadeka. Wanaosikia haya waelewe kwamba ulikuwa ugonjwa wa mwili mzima. Mnyama akitokea, viganja vilitoka jasho, ulimi ukakauka, masikio yakavuma, moyo ukanipanda hadi kooni. Magoti yaliacha kazi. Si mara moja mkojo ulinitoka mbele za watu, nami ni mwanamke mzima.

Niliolewa Kurui, huko Kisarawe, na babu yako Hamisi, miaka ile watu walipokusanywa katika vijiji vya Ujamaa. Alijua hali yangu. Kuku alimchinja na kumnyonyoa mwenyewe, wenzake wakimtania kwamba ameoa malkia. Lakini katika kijiji kile kipya, njia ya kwenda shamba la pamoja ilipita kando ya zizi la mbuzi. Wenzangu walipita na majembe yao wakiimba. Mimi niliishia njiani, nikatapika, nikarudi. Baadaye hata mlango niliogopa kuufungua. Nilikonda hadi nguo zikanipwaya.

Babu yako alinipeleka zahanati. Bwana mganga alinisikiliza kifua, akanitazama macho, akasema, "Mwili wako mzima, mama. Hofu hii mimi sina sindano yake. Ila inapokuja usiikimbie kila mara. Kaa nayo kidogo, uone kama haitachoka kabla yako." Nilitoka pale nikiamini kwamba yule bwana hajui asemalo.

Kisha jambo likamfikia mtoto. Mama yako, Mwajuma, alikuwa ndiyo kwanza anatembea. Kifaranga kilipita uani, naye akapiga ukelele, akajikojolea, akajificha ndani ya kanga yangu. Hayo aliyaona kwangu tu. Jioni babu yako akasema, "Tabu, mtoto atakwenda Maili Moja kwa mama. Akae huko mpaka upone." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. Nisipopona, mwanangu angekulia mikononi mwa mwingine, nami njia ya kupona sikuijua.

Mama mkwe akaja kumchukua. Alikuwa akiuza vitumbua Maili Moja, mwanamke wa sauti kubwa ambaye hata mbwa walimpisha. Alifunga nguo za mtoto katika kanga, akaketi uani apumzike kabla ya safari. Babu yako alikuwa shambani. Mtoto alikuwa amekaa mkekani, akichezea vifuu vya nazi.

Tukasikia bati likigonga nyuma ya jiko. Akatokea kenge, mrefu kama mchi, na kichwani amevaa kopo. Kopo lilikuwa langu. Ndani yake niliweka mabaki ya dagaa, na mdomo wake ulikatwa kwa kisu, ncha za bati zikakunjamana kwa ndani. Kichwa kiliingia, kutoka kikashindwa. Hakuona kitu. Aligonga ukuta, akagonga mafiga, akageuka, akaja moja kwa moja kwenye mkeka wa mtoto.

Nilimgeukia mama mkwe ili aokoe. Hakuwapo alipokuwa ameketi. Alikuwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, kanga ameikunja hadi magotini.

"Mama, mchukue mtoto," nilimwambia.

"Nimchukue vipi? Mbwa namuweza, kenge simuwezi. Mkamate wewe uliye karibu."

"Mimi ndiye mgonjwa, mama."

"Basi leo wagonjwa tuko wawili. Mkamate!"

Nililivuta jamvi la mpunga ulioanikwa, mpunga wote ukamwagika, nikamfunika kenge na kumlalia. Alinichapa mguu kwa mkia, ngozi ikapasuka. Masikio yalivuma, jasho lilinitiririka, nami nikabaki pale pale juu yake, kwa kuwa mtoto alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu. Ndipo nikahisi mbavu zake chini ya jamvi. Zilipanda na kushuka kwa haraka, na mwili wake wote ulikuwa ukitetemeka. Pumzi zile nilizijua. Zilikuwa zangu za kila siku.

Nikamhurumia. Sijui neno jingine. Nilifunua jamvi upande wa shingo, nikapenyeza vidole kati ya bati na ngozi, ngozi kavu yenye chembechembe kama mtama, nikazikunjua ncha moja baada ya nyingine. Masikio yangu yalikuwa yamenyamaza, sijui tangu lini. Kopo likatoka. Kenge akatoa ulimi, akanitazama, akakimbilia kwenye mihogo.

Mwajuma alipiga makofi. "Tena!" akasema.

Juu ya kinu mama mkwe aliuliza, "Ameondoka kweli? Hebu hakikisha." Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye mpunga. Alipoteremka alilifungua lile furushi, akazirudisha nguo mahali pake bila kuulizwa na mtu. "Mtoto anabaki kwa mama yake," alimwambia babu yako aliporudi. Kisha akamsimulia, na kila aliporudia kenge aliongezeka urefu. Kufikia chakula cha jioni alikuwa mamba, nasi tulicheka hadi uji ukapoa.

Sikupona siku ile. Kesho yake kuku alinitetemesha kama kawaida. Lakini sasa nilielewa maneno ya bwana mganga. Nilishika kifaranga kiganjani, mtoto akiwa ubavuni, nikangoja masikio yanyamaze. Nilisimama karibu na zizi, kila siku nikisogea. Mavuno yalipofika nilipita kando ya mbuzi na jembe begani, nikiimba kwa sauti mbaya kuliko wote.

Namshukuru Mungu, na babu yako, na bwana mganga niliyemdharau. Wewe mwenye hofu kama yangu, usikubali kuitwa mwenye kudeka, na usijifungie ndani. Nanyi mnaoishi na mtu wa namna hii, msimrushie mjusi ili mcheke.

Zena, karatasi hizi ziweke pakavu. Pale pa mkojo usipafute kwa haya zako, maana mgonjwa mwenzangu atapatafuta hapo kwanza. Pa mama mkwe juu ya kinu usipafute pia, ingawa alikana hadi anakufa. Kabla ya mtu mwingine yeyote, msomee mama yako. Hajui kwamba palikuwa na siku alipobakiza kidogo tu akue bila mimi.