Isogi mbichi kwa laboratwari

"Mama, ondoa sufuria! Mutoto iko na kansa ya damu, haiko na njaa!"

"Na dawa yako, Papa, inatoka wapi kama haiko mu majani?"

Muuguzi alivuta mfuniko, bibi akavuta sufuria ya isogi, mboga yetu chungu. Daktari aliyekuwa wodini akacheka: kweli, sindano iliyokuwa ikipunguza kansa ya mjukuu ilitoka katika mmea wa maua. Akaomba isogi mbichi, laboratwari iijaribu juu ya chembe za damu yenye kansa.

Bibi akashtuka. Huku Masisi, kumletea mgonjwa mboga mbichi ni kumwambia ajipikie. Basi laboratwari ndiyo mgonjwa wa kwanza niliyemsikia akiomba kujipikia.

Mlangoni bibi akageuka: "Docta, kesho naleta mbichi ya chupa zenu. Ya mutoto nitaendelea kuipika, mpaka siku yeye atanipikia."