Nilivyopangua foleni ya trekta Ndandalo kwa append query moja

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Mashahidi ninao, na siku ya ushahidi walikuja na majembe.

Mimi ni mtu wa makamo, nina digrii ya kompyuta, na nimerudi nyumbani Kyela kulima mpunga. Mtu wa aina hii ni hatari kijijini kuliko asiyesoma. Asiyesoma huuliza kwanza.

Kikundi chetu hapa Ndandalo kina watu thelathini na nane, na kila msimu tunakodi trekta moja. Linalima mashamba mawili kwa siku. Mvua ikishika, mashamba ya bondeni yanageuka uji na trekta haliingii tena. Kwa mwenye shamba la chini, namba ya foleni ndiyo mpunga wa mwaka mzima.

Namba zinapatikana hivi. Siku ya kujiandikisha unafika alfajiri, unaegemeza jembe lako kwenye ukuta wa ghala, unaenda zako kunywa chai. Majembe ndiyo yanayopanga foleni. Saa mbili katibu anapita na daftari, anaandika majina kwa kufuata majembe.

Nikacheka. Foleni ya majembe, zama hizi?

Nikajitolea kuhamishia kila kitu kwenye laptop. Mwenyekiti akauliza, "Mwalimu, na daftari?" (Sijawahi kufundisha popote. Huku ukiwa na laptop unaitwa mwalimu.) Nikamwambia daftari halina kazi tena. Mkewe akalitumia kuwashia moto. Nililiona likiungua, na nilifurahi.

Sasa wenye fani sogeeni. Wengine vumilieni, ni pafupi.

Kabla daftari halijaungua nilikuwa nimeingiza majina na namba za majembe kwenye jedwali la muda. Jina nikalifanya primary key ili mtu asijiandikishe mara mbili, ukoo ukitangulia, kama chuoni. Kwenye skrini nikabofya sort kwa namba ya jembe, watu wakakaa vizuri kabisa. Kisha append query ikawahamishia kwenye jedwali kuu, ambako AutoNumber ingewapa namba za foleni.

Namba ya jembe sikuihamisha. Ya nini, na AutoNumber ipo?

ORDER BY, yaani amri ya kupanga, sikuandika. Ya nini, na nimeshaona kwa macho yangu?

Jedwali la muda nikalifuta, maana napenda usafi. Nikachapa orodha, nikaibandika ghalani asubuhi trekta lilipofika.

Namba moja alikuwa kaka yangu Asajile. Siku ya kujiandikisha alikuja saa mbili kasoro dakika tano, jembe lake likawa la mwisho. Namba mbili, tatu na nne walikuwa binamu zetu.

Watu waliisoma karatasi, wakanitazama, wakaisoma tena.

Aliyekuja nyumbani ni Mama Neema, mjane, ambaye shamba lake ndilo la chini kuliko yote. Ndiyo maana aliamka mapema.

"Mwalimu, mimi ni wa tatu. Umeniandika wa thelathini na nane."

"Mama, kompyuta haikosei."

"Sijasema imekosea. Nasema mimi ni wa tatu."

Nikamweleza kwa upole kuhusu teknolojia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kumbe kompyuta nayo ina ndugu," akaondoka.

Siku mbili trekta lililima mashamba ya ukoo wangu, huku mimi nikitetea hesabu za mashine. Jioni ya siku ya pili niliitazama karatasi upya, nikapitisha kidole kwenye majina.

Ilikuwa alfabeti.

Kupanga kwenye skrini ni kwa ajili ya macho yako. Append query haijui ulikuwa unatazama nini. Yangu ilifuata primary key, yaani majina. Na koo za Wanyakyusa karibu zote zinaanza na Mwa, kwa hiyo kinachoamua ni herufi ya nne. Sisi ni Mwaipaja. Mama Neema ni Mwasanga.

Jedwali la muda halipo. Daftari ni majivu.

Asubuhi nikakiri mbele ya kikundi. Mwenyekiti akauliza tutapataje foleni ya kweli. Mama Neema akajibu, "Leteni majembe."

Kila mtu alikumbuka jembe lake liliegemea la nani. Wakaulizana, wakasukumana, wakacheka, na foleni ikarudi yote ukutani kabla laptop yangu haijamaliza kuwaka. Asajile alibeba la kwake hadi mwisho bila kuambiwa, asinitazame.

Siku hiyo wakalimiwa wa kwanza na wa pili.

Siku ya nne, zamu ya Mama Neema, tuliamka na mvua. Trekta lilifika ukingoni mwa shamba lake, magurudumu yakazama, dereva akatikisa kichwa. Mashamba ya juu lilirudi kuyalima baadaye. La kwake, hapana.

Somo, kwa wanaohamisha data: jedwali halina foleni. Foleni iwe na safu yake, ihame pamoja na mtu. AutoNumber isiaminiwe kazi hiyo. Andika ORDER BY unapohamisha, andika tena unaposoma. Na cha zamani usikichome moto.

Jioni ile ya mvua Mama Neema alikuja kwangu na jembe. Akaliegemeza kwenye ukuta wangu, taratibu, kama pale ghalani.

"Mwalimu, hili ni la ngapi?"

"La kwanza, Mama."

"Ndaga fijo," akasema. Ni asante sana ya kwetu, ila ile haikuwa na asante ndani yake.

Mimi na Asajile tulimlimia siku kumi na moja, matope magotini. Ninaandika hapa nikiwa na malengelenge ya digrii.

Karibuni mnikosoe, matusi pia napokea. Ila mwenye kutaka kuandika kwamba kompyuta haikosei, kuna palizi wiki ijayo. Jembe lipo.