Malaika Aliyevaa Gambuti

Juzi nilikuwa mkahawani Njoro nikisubiri chai. Meza ya pili walikaa msichana wa chuo na mwanamke wa makamo aliyevaa gambuti, zile buti ndefu za mpira za shambani. Msichana alikuwa ametengeneza programu ya simu ya kumjulisha mfugaji ng'ombe wake anapoanza kuugua. Huyo mwanamke, kwa nilivyosikia, alianza kwa kurekebisha simu kibandani Nakuru, akajenga kampuni ya teknolojia, akaiuza, na sasa anawashika mkono kwa mtaji vijana wanaoanza biashara.

Mara akaingia mamake msichana, amevalia nguo ya kanisani. Bintiye alikuwa amempigia kumwambia amepata malaika, maana ndivyo wawekezaji wa aina hiyo wanavyoitwa.

"Kwani malaika ni wewe?" akauliza, akizitazama zile gambuti.

"Ni jina tu la kazi, mathe," yule mwanamke wa gambuti akacheka.

Mama hakucheka. "Lakini malaika wa Biblia wakikuja, kwanza wanasema 'usiogope.' Umemwambia?"

Yule mwanamke akalaza simu yake kifudifudi mezani, akaushika mkono wa msichana.

"Kampuni yangu ya kwanza, kabla ya ile niliyouza, ilianguka," akasema, "na hakuna mtu aliniambia hilo neno. Usiogope."

Mimi nimekaa kwenye semina za uwekezaji huko mjini, nikala samosa zao, nikatoka vile nilivyoingia. Siku hiyo chai ilipoletwa, ndipo nikagundua nimevua kofia, kama mtu aliye kanisani.